Shajara ya roboti ya majini: jedwali lililoanza na safu nne

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Timu yetu ina watu saba: kapteni, wawili wa mitambo, mmoja wa umeme, mmoja wa programu, mhazini, na mimi. Wenzangu walipokuwa wakigawana majukumu nilikuwa nimetoka nje kupokea simu. Kurudi, nikakuta jina langu ubaoni mbele ya neno "vifaa".

Tunachojenga ni roboti ya majini inayoendeshwa kwa waya: silinda isiyopitisha maji yenye bodi na kamera ndani, fremu ya mabomba membamba, mota nne, na kebo ya mita 15 inayopanda juu hadi kwenye betri na kwa mwendeshaji. Kebo hiyo tumeibatiza kitovu, maana kila kinachomfikia mtoto aliye ndani ya maji kinapitia humo. Kina tulichojiwekea ni mita 5. Tuna wiki 12, moja kati yake ni ya mitihani ambayo hakuna atakayeshika bisibisi.

Jedwali nililolianza jioni hii lina safu nne: jina la kifaa, idadi, bei, duka. Kwa saa moja nimejaza mistari 23. Nimelala nikiamini nusu ya kazi imekwisha.

Wiki ya 1, Alhamisi

Mwalimu mlezi wetu ana tabia ya kusoma jedwali kuanzia chini kwenda juu. Leo amelisoma, akauliza swali moja tu: "Kipi kati ya hivi kitafika mwisho?" Nikamwonyesha mota, kwa kuwa ndizo ghali kuliko vyote. Akanirudishia karatasi. "Nimekuuliza muda, wewe umenijibu bei."

Kutwa nzima nimekuwa kwenye simu. Mota zipo, siku nne zinafika. Sensa ya kina, ile inayopima shinikizo la maji na kutuambia roboti iko mita ngapi chini, haipo kwa muuzaji yeyote niliyempata. Inaagizwa, siku 25 ukibahatika. Na pete za mpira za kuziba mifuniko ya silinda, kitu chenye thamani ndogo kuliko vyote kwenye jedwali, ni wiki tatu, kwa sababu saizi yetu haikai rafuni.

Kisha nikajifunza jambo ambalo muuzaji hakwambii usipomuuliza: hizo siku nne zake zinaanza kuhesabiwa pesa zikishaingia. Kwetu pesa hazitoki bila nukuu tatu za bei na saini mbili, na mwenye saini ya pili hupatikana ofisini mara mbili kwa wiki. Timu ya mwaka jana wameniambia nihesabu siku sita za kazi, na nisimkasirikie mtu.

Basi, safu ya tano: siku za kusubiri. Nimeigawa vipande vitatu, idhini, malipo na safari, nikavijumlisha, kisha nikalipanga jedwali kwa jumla hiyo badala ya kulipanga kwa herufi. Limegeuka sura. Mota zimeshuka hadi katikati. Juu kabisa ni sensa ya kina, karibu wiki tano ukijumlisha na saini. Mtu wa programu anaihitaji mezani kwake wiki ya 7. Hesabu kurudi nyuma, unaona inatakiwa kuagizwa Jumatatu ijayo, kabla hatujachora hata mstari mmoja wa silinda.

Kapteni hakupendezwa. "Tunanunuaje kiungo cha mwili ambao haujachorwa?" Ni swali la haki. Tumebishana hadi taa za jengo zikazimwa. Kilichotuokoa ni kuuliza sensa inaidai nini silinda: tundu moja la milimita 10 na nyaya nne. Silinda yoyote tutakayochora itakuwa na nafasi hiyo. Imeagizwa.

Wiki ya 2, Jumanne

Leo kitovu kimetula siku nzima, na sijutii.

Kwenye jedwali nilikuwa nimeandika "kebo ya nyaya mbili, mita 15, unene 1.5 mm²". Kwa nini 1.5? Kwa sababu ndiyo niliyoizoea kuiona. Mtu wa umeme akachukua chaki. Ukinzani wa shaba ni kama omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wa 1 mm². Mita 15 za kebo ni mita 30 za waya, kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, jambo ambalo nusu yetu tulilisahau palepale. Zidisha, gawanya kwa 1.5, unapata omu 0.344. Mota nne zikizunguka pamoja, kila moja ikila ampea 3, tunavuta ampea 12. Volti 4.1 zinapotea njiani. Betri inatoa 12, chini zinafika pungufu ya 8, na roboti inatembea kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, waya mnene wa 4 mm²: hasara inashuka hadi volti 1.5 hivi, lakini shaba peke yake inafikia kilo moja na ushei, na kebo inakuwa ngumu kiasi kwamba itaiburuta roboti badala ya kuifuata. Pili, kupeleka volti 24 na kuzipunguza zikishafika chini. Ukiongeza volti maradufu, ampea zinashuka nusu, na hasara nazo. Ni njia ya kitaalamu, ila inadai kipunguza volti cha karibu wati 150 ndani ya silinda iliyozibwa ambamo joto halina pa kutokea, na safu ya tano inasema kipunguzi hicho ni wiki nne.

Ya tatu aliitoa mtu wa programu, aliyekuwa kimya pembeni akitafuna kalamu: "Kwani lini mtaendesha mota zote nne kwa nguvu zote?" Kweli, lini? Kupanda na kwenda mbele kwa kasi kamili kwa wakati mmoja hatukuhitaji. Programu itafunga jumla isizidi ampea 8. Kwa waya wa 2.5 mm² hasara ni volti 1.65, tunaimudu, na kebo inabaki laini.

Nimeongeza safu ya sita: sababu. Mbele ya "2.5 mm²" nimeandika "ampea 8, mita 30 kwenda na kurudi, hasara isizidi volti 2". Mtu akija kesho na wazo la kubadilisha mota, ataona ni mstari gani mwingine anaugusa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kile ninachojaza si orodha ya kupeleka dukani. Ni mchoro wa roboti, ila umeandikwa kwa maneno.

Wiki ya 2, Ijumaa

Mambo madogo, haraka.

Betri itakaa juu, nchi kavu, nayo ni ya risasi na asidi, ampea-saa 18. Kijana wa mitambo alitaka lithiamu kwa kuwa ni nyepesi, lakini uzito wa kitu kinachokaa mezani unamsumbua nani? Halafu kuna safari: tangu 2016 betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo ukiiagiza mbali ujiandae kungoja. Fyuzi ya ampea 10, karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa ncha ya mbali inalinda roboti na kuiacha kebo iungue.

Bodi za kuendeshea mota: mtu wa umeme alikuwa nazo droo nzima za L298N, bure, nikamkatalia. Chipu ile ni ya kizamani, transista zake zinakula kama volti 2 peke yake, na sisi tumeshatoa sadaka 1.65 kwa kebo. Nimetafuta za MOSFET, transista za kisasa zisizokula volti hivyo. Kukataa kitu cha bure kunahitaji moyo, hasa mhazini akiwa anakutazama.

Silikoni: tusinunue ile inayonuka siki. Asidi inayotoka ikikauka inakula shaba. Kuna aina isiyo na asidi, mtungi wake umeandikwa hivyo wazi.

Mawasiliano: I2C, lugha ambayo sensa inazungumza na bodi, ni ya sentimita, haivuki mita 15. Itabaki ndani ya silinda kwa ajili ya sensa. Kupanda juu tunatumia RS-485, njia ya mawasiliano ya masafa marefu, kwenye jozi moja ya nyaya zilizosokotwa za kebo ya mtandao, na kizuizi cha omu 120 kila ncha. Jozi ya pili ni ya kamera. Mbili zinabaki akiba.

Wiki ya 3

Tumegawa ununuzi mafungu matatu, kila fungu na barua yake ya maombi. Fungu la kwanza ni vinavyochelewa, limeshakwenda. La pili ni vinavyotegemea mchoro: mabomba, kebo, mota, rafadha (mapanga ya kusukumia maji). La tatu ni vinavyoisha: gundi, solda, skrubu, vifungio vya plastiki. Mhazini alitaka yote yaende pamoja ili kuokoa gharama ya usafiri. Nikamwambia, na bado naamini, kwamba barua moja kubwa husimama pale inapokwama bidhaa moja ndogo.

Spea: tumekubaliana kila kinachozunguka au kinachoweza kuungua kinunuliwe na mwenzake wa akiba. Mota zinatakiwa nne, tunanunua sita. Mhazini ametenga asilimia 15 ya bajeti kwa yale tusiyoyajua, na hataki kuulizwa ni yapi.

Safu ya saba: mbadala. Kila kifaa kimoja kinachopatikana kwa muuzaji mmoja tu lazima kiwe na jibu la "akisema hana, je?" Kwa mistari mingi jibu lilikuja mara moja. Kwa pete za mpira halikuja, nikaliacha wazi. Lingenisaidia baadaye.

Wiki ya 4

Mitihani.

Wiki ya 5, Jumatano

Kebo imefika, na nimeibeba begani ngazi zote bila kuhema. Hapo ndipo ningeshtuka.

Aliyeshtuka ni mtu wa umeme. Aliipima mkononi, akaniuliza, "Hii ndiyo mita 15?" Mita 30 za shaba ya 2.5 mm² zina gramu 670 kabla hujaweka plastiki. Mzigo wote, pamoja na ganda, haukufika gramu 600. Akachukua wembe akakwangua ncha ya waya mmoja. Nje wekundu wa shaba, ndani weupe wa alumini.

Tukaamua kuipima kabla ya kulaumu mtu. Maltimita ya kawaida haifai kwa ukinzani mdogo namna hii, nyaya zake zenyewe zinaongeza ukinzani na kuvuruga jibu. Njia nzuri ni kuunganisha nyaya mbili za kebo kwenye ncha moja, kupitisha ampea 5 kutoka ncha nyingine, na kupima volti zinazopotea. Shaba halisi ingepoteza 1.03. Yetu ilipoteza 1.6. Kwa ampea 8 tungekuwa tunapoteza zaidi ya volti 2.5. Hesabu yote ya wiki ya 2 ingekuwa imeliwa na ganda jekundu.

Nikampigia muuzaji. Hakupandisha sauti. Alinisomea oda yetu neno kwa neno: "kebo ya nyaya mbili, 2.5 mm², mita 15." Je, tuliandika shaba tupu? Hatukuandika. Nilikata simu nikiwa sina la kusema. Huyo mtu hakuwa mwaminifu kwangu mimi kwa maoni yangu, lakini karatasi ilikuwa upande wake.

Safu ya nane, ndefu kuliko zote: maelezo kamili na jinsi ya kukagua. Kwa kebo: "shaba tupu, nyuzi nyingi nyembamba, ikifika, pima uzito, kwangua, pitisha ampea 5". Kwa mota: "pima ampea ikizunguka bure". Kwa sensa: "isome hewani, lazima itoe karibu milibari 1,000". Kuanzia leo hakuna kinachoingia kabatini kabla mstari wake haujasomwa. Kebo ya pili tumeinunua kwa ile asilimia 15. Ya kwanza inawasha taa ya karakana, na inaifanya kazi hiyo vizuri tu.

Wiki ya 6

Kifurushi cha sensa kimekwama forodhani siku tano. Fomu iliandikwa "vifaa vya elektroniki", maneno yanayofaa kwa chochote kuanzia saa ya mkononi hadi mtambo wa rada, na afisa akataka kujua. Nimetuma karatasi ya vipimo ya kiwandani na barua ya chuo yenye sentensi mbili: ni kitu gani, ni cha kazi gani. Siku iliyofuata kikatoka. Barua hiyo sasa iko tayari kwenye faili, imebaki kujaza jina la kifaa.

Rafadha nazo zimefika, nzuri, za plastiki nyeusi, mbili za kuzungukia kulia na mbili za kushoto ili zisiipindue roboti. Tundu lake ni milimita 4. Shafti ya mota ni milimita 3.17. Nilikuwa nimeusoma ukurasa wa rafadha, na nilikuwa nimeusoma ukurasa wa mota. Sikuwahi kuisoma kwa pamoja. Mota imetengenezwa kwa inchi, 3.17 ni moja ya nane ya inchi, na rafadha imetengenezwa kwa milimita. Kila moja ni sahihi kwa mama yake.

Fundi wa karakana ametuchongea vikuku vinne vya shaba nyeupe, nje 4, ndani 3.17, kila kimoja na skrubu ndogo ya kubana. Amevifanya kwa dakika arobaini huku akitusimulia habari za mashine yake. Ningeagiza vingekuja wiki mbili.

Safu ya tisa: kinakutana na nini. Mbele ya kila kifaa naandika kifaa anachogusana nacho na kipimo cha mahali wanapogusana. Rafadha na shafti. Kebo na glandi, kile kizibo kinachoibana inapopita ukutani. Plagi na soketi yake, maana kuna za nafasi ya milimita 2 na za 2.54, na ukizitazama bila miwani ni mapacha. Kati ya safu zote hii ndiyo ningeanza nayo kama ningerudishwa wiki ya kwanza.

Wiki ya 7

Safu ya tisa ilichelewa siku tatu tu.

Silinda ni bomba la plastiki la milimita 110, urefu sentimita 30. Kwa mita 5 maji yanasukuma kwa karibu nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida. Inasikika kidogo, lakini kwenye mfuniko wa upana ule ni nyutoni 466, kama kilo 47. Ni mtu mwembamba amesimama juu ya kila mfuniko. Kwa hiyo mifuniko imechongwa kwa plastiki nene, kila mmoja una mfereji wa pete. Pete zina unene wa milimita 3.5, mfereji pamoja na nafasi iliyobaki unaacha 2.8, pete inabanwa asilimia 20. Mtu wa mitambo aliichora vizuri kupita kiasi.

Mfuniko haukuingia.

Mabomba ya 110 yote yana 110 nje. Unene wa ukuta unategemea daraja la shinikizo. Mchoro ulihesabu ukuta wa 3.2, ndani 103.6. Bomba tulilonunua ni la daraja la juu, ukuta 4.2, ndani 101.6. Nilinunua lililo imara zaidi kwa kudhani namfanyia mwenzangu hisani.

Fundi alilishika lile bomba, akalitazama ndani kama anayetazama darubini. "Mwanangu, ulipima au ulisoma?"

"Nilisoma, fundi."

"Basi bahati yenu mfuniko ni mkubwa. Ungekuwa mdogo ningewapa pole."

Chuma na plastiki hupunguzwa, haviongezwi. Ameirudisha mifuniko kwenye mashine na kuitoa milimita 2 za kipenyo, mfereji ukashuka vilevile. Ila sasa pete tulizongoja wiki tatu zina kipenyo kikubwa kidogo kwa mfereji mpya, zinajikunja. Na safu ya mbadala, mstari ule nilioacha wazi, ulikuwa unanitazama.

Jibu limetoka kwa fundi pia: kuna kamba ya mpira ya kuuzwa kwa mita, unene uleule wa 3.5. Unaikata kwa mshazari, unaiunga kwa gundi ya papo hapo, unapata pete ya kipenyo chochote. Kwa mashine inayozunguka nisingeithubutu. Kwa mfuniko uliokaa tuli, kwa mita 5, na grisi ya silikoni juu yake, inatosha. Tumetengeneza nane, tukatupa tatu ambazo kiungo chake kilikuwa na uvimbe.

Wiki ya 8

Kujaribu silinda bila kuizamisha. Pipa la maji tulilo nalo halifiki hata mita moja, kwa hiyo haliwezi kutuambia lolote kuhusu mita 5. Mtu wa umeme akaenda kwa fundi wa majokofu kuazima pampu ya kunyonya hewa yenye geji. Ukitoa hewa ndani hadi ibaki nusu, hewa ya nje inaikamua silinda kwa tofauti ileile ambayo maji ya mita 5 yangeikamua. Na ikivuja, kinachoingia ni hewa, hakuna bodi inayokufa.

Sindano ilipanda ikakaa. Tukafurahi. Baada ya dakika nne ikaanza kushuka, taratibu.

Tulipaka povu la sabuni kila mahali, kisha tukakumbuka kwamba povu halifai hapa kwa kuwa hewa inaingia, haitoki. Tukakaza mifuniko. Tukabadilisha pete. Tukakaza glandi hadi moja ikapasuka, na spea zilikuwepo, nashukuru. Sindano ikaendelea kushuka kwa mwendo uleule.

Aliyegundua ni kapteni, kwa bahati. Alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba anachezea ncha ya kebo ya mtandao, akaibana kwa kidole gumba, na mmoja wetu akapiga kelele kwamba sindano imesimama. Akaachia, ikaanza. Akabana, ikasimama. Hewa ilikuwa inaingia kwenye ncha ya kebo mita 15 mbali, inapita katikati ya nyaya ndani ya ganda, na kutokea ndani ya silinda. Glandi hubana ganda kwa nje. Yaliyomo ndani ya ganda haiyajui.

Tungezamisha, kisha ganda likachubuka mahali popote chini ya maji, silinda ingejaa kupitia kebo yake yenyewe, na mifuniko yetu mizuri ikiwa mikavu kabisa. Dawa ni kumenya ganda mahali kebo inapopita ukutani, kutenganisha nyaya moja moja, na kuzimiminia epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, ili hewa isipate mwanya. Kebo ya umeme nayo hivyohivyo. Epoksi haikuwemo kwenye fungu lolote. Nimeinunua leo kwa pesa yangu mfukoni, na risiti nimeitunza.

Baada ya saa 24 za kukauka: dakika 30, sindano haikutikisika.

Wiki ya 9

Safu ya kumi: uzito. Aibu yangu kuu, kwa roboti inayotakiwa kuelea.

Silinda inasukuma pembeni lita 2.85 za maji, kwa hiyo inainuliwa kwa kilo 2.85. Yenyewe na vilivyomo ni kilo 1.6. Inataka kupanda kwa kilo 1.25. Mota na fremu, ambayo tumeitoboa ili ijae maji, zinaizamisha kwa gramu 600 tukizipima ndani ya maji. Zinabaki 650. Tunataka iachwe ikipanda kwa gramu 50, ili umeme ukikatika irudi juu yenyewe, kwa hiyo farumi, yaani uzito wa kuzamishia, inatakiwa ivute gramu 600. Ukiweka chuma cha gramu 600 hupati gramu 600, kwa kuwa chuma nacho kinasukuma maji na kupoteza kama asilimia 13 ya uzito wake. Kinatakiwa cha gramu 690. Tumefunga nati kubwa kwenye fimbo mbili chini ya fremu, zinaweza kusogezwa mbele na nyuma.

Kebo ya shaba inazama, basi inahitaji vielea kila mita. Mara ya kwanza tulikata sponji. Sponji lilikunywa maji likageuka farumi. Sasa ni vipande vya soli za kandambili kuukuu, povu ambalo vitundu vyake vimezibwa kimoja kimoja. Gharama: hakuna. Duka: chini ya vitanda vyetu. Nimeandika hivyo kwenye safu husika.

Wiki ya 10, Jumamosi

Bwawa la kuruka mbizi, kina mita 5.

Jana usiku nilipanga kila spea kwenye mfuko wenye namba, na namba hizo ndizo safu ya kumi na moja. Wenzangu walinicheka kwa kuandika hata mfuko wa vifungio vya plastiki.

Kabla ya umeme tuliizamisha silinda ikiwa na karatasi laini tu ndani, saa nzima sakafuni. Ikatoka kavu. Tukaweka bodi. Roboti ikashuka, sensa ikasoma 1.0, 2.3, 3.8, kamera ikatuonyesha vigae na sarafu moja ambayo mhazini amedai ni mali ya timu. Volti chini, kwa mwendo kamili, 10.7. Hesabu ilisema 10.35. Sitagombana na ziada ya 0.35.

Dakika ya 34 mota ya tatu ikasimama. Tukaivuta juu, shafti imekaza, uzi wa nywele umejisokota hadi ndani ya kizibo chake na maji yameingia. Kapteni akanigeukia. Nikasoma mstari: mota, mfuko namba 14, kikuku mfuko namba 15, ufunguo wa skrubu yake mfuko namba 22. Dakika 11 baadaye tulikuwa majini tena.

Spea ya mota imebaki moja. Nimeagiza mbili, siku kumi na mbili pamoja na saini, na kichujio cha wavu kimewekwa kama mstari wa 61, safu zote zimejazwa isipokuwa mbadala.